Farasi wa Nyumba Tatu

Safari yetu ilianza na ugomvi. Farasi Baraka alikuwa mali ya nyumba tatu za Iguguno: yangu mimi fundi cherehani, ya Mzee Mtinangi mfugaji, na ya Mama Zaina, mjane mkulima wa uwele. Mzungu mmoja mjenzi wa barabara alituachia farasi huyo angali mchanga, mama yake alipokufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Tukamlea kwa zamu. Kiangazi kile majani yalikauka, Mzee akataka auzwe. Mama Zaina akakataa katakata. Basi tukapatana: akishinda mbio za Singida atabaki, akishindwa atauzwa.

Alfajiri tulishika njia kwa miguu, kamba mkononi mwa Mama Zaina. Kila tulipowakuta punda waliobeba maji, Baraka alijipanga nyuma yao, ametulia. Tukamsifu kwa adabu yake.

Jioni tulifika Unyambwa kwa shemeji yangu Hamisi.

"Shikamoo, Mzee," alimwamkia Mtinangi, kisha akamzunguka farasi. "Huyu mnamfanyisha kazi gani?"

"Anabeba maji na punda," alijibu Mama Zaina. "Zamani alikuwa anawapita, anawasukuma, madebe yanamwagika. Tulimchapa mpaka akaacha."

"Haya, kesho mwambieni apite!"

Tulicheka, lakini mimi usingizi haukunijia.

Siku ya pili, mjini, Wazungu walipomaliza mbio zao, wenyeji tuliruhusiwa moja. Nilipanda mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa mwepesi zaidi. Baraka alitimka, akamfuata farasi wa mbele unyounyo. Nguvu zilimjaa, hata hakutweta. Nilimsihi, nikampiga visigino. Nilipoinua fimbo akapunguza mwendo, maana kwetu fimbo ilimwambia arudi nyuma. Tukawa wa pili.

Mzungu wa mgodini alimnunua palepale. Mama Zaina alimkumbatia Baraka shingoni akilia mbele za watu, nami nilitamani ardhi inimeze. Mzungu akapanda farasi wake, akaondoka. Baraka akamfuata nyuma, wala hakugeuka.

Tulirudi kwa miguu mpaka karibu na nyumbani.

"Ningejua, mama, ningengoja mvua," alisema Mzee.

"Nguvu alikuwa nazo, Mzee. Ruhusa ndiyo tuliyomnyima," alijibu Mama Zaina.

Nimesafiri mara nyingi tangu hapo, lakini hii ndiyo inayoniuma. Tulimchapa kwa kuwapita wenzake, kisha tukamuuza kwa kutowapita.