Swali la Mama Ambalo Sikulifikisha

Nakumbuka Jumatano moja, mwanangu, nikiwa na miaka ishirini na minne na shati jeupe la kuazima. Nakuandikia habari zake sasa kwa sababu mwezi uliopita tulimzika mama yangu, hapa nyumbani chini ya kilima cha Manga, na kisa hiki ni chake kuliko changu.

Soko letu lilikuwa dogo, kando ya barabara ya kwenda Keumbu. Hapo palikuwa na ukingo wa udongo ulioinuka kufikia kifua cha mtu mzima. Mgeni angeuona ni udongo tu. Lakini malori ya Nairobi yalikuwa yakirudi kinyumenyume mpaka kuugusa ukingo ule, na akina mama wakitembea moja kwa moja hadi ndani ya lori na mikungu ya ndizi kichwani, bila kuinua kitu. Hakuna aliyeujenga kwa kazi hiyo. Ulikuwepo, na wauzaji wakauona unafaa.

Siku hiyo maofisa wa mipango walikuja na ramani ya soko jipya, wakaibandika kwenye ukuta wa kinu cha kusaga mahindi. Ilikuwa ramani nzuri, siwezi kuidharau. Ilikuwa na vibanda, choo, mtaro, na uwanja uliosawazishwa kote. Mkubwa wao alitoka mbali, hakujua Kikisii, na akina mama wengi hawakuthubutu kusema Kiswahili mbele ya watu. Mimi nilikuwa nimefika kidato cha pili, kwa hiyo chifu akaniita nitafsiri.

Mama yangu, Bosibori, akasimama. Akauliza kwa Kikisii, taratibu, "Mkiusawazisha huo ukingo, lori litapakia wapi? Sisi hatuna nguvu za kurusha mkungu juu."

Wenzake wakacheka. Mmoja akamwambia aketi, miaka yote amelilia choo na leo kimekuja analilia udongo. Nami nikaona haya. Tena, na hili ni lazima niliseme, nilikuwa nimedokezewa kwamba kazi ikianza atahitajika mtu wa kutunza saruji stoo, na nilitaka niwe mimi.

Afisa akaniuliza, "Mama anasemaje?"

"Anashukuru," nikasema. "Anauliza kazi itaanza lini."

Akatabasamu, akajibu kwamba ni mwezi ujao. Watu wakapiga makofi. Mama akanitazama, kisha akaketi. Tukaandika majina yetu kwenye karatasi ya mahudhurio, na baadaye karatasi hiyo hiyo ikasomwa kuwa ushahidi kwamba sote tumekubali.

Kazi ya stoo niliipata. Nilisimama mlangoni pa stoo asubuhi tingatinga lilipokuja, na kabla ya chai ya saa nne ukingo haukuwepo.

Soko likamalizika, vibanda vikapakwa rangi. Malori yakaja mara mbili tatu. Ikabidi wanawake wawili wamwinulie mwenzao kila mkungu. Mingine ilianguka, ndizi zikachubuka, na madereva hawakuwa na subira. Wakahamia Keumbu. Mwanamke aliyekuwa akiuza mikungu mitatu karibu na nyumbani sasa alibeba mmoja kichwani hadi Keumbu, na kuiacha shambani ile ambayo mgongo wake haungeiweza. Mbuzi wakajikinga mvua ndani ya vibanda. Choo kilitusaidia. Nakitaja kwa sababu ni kweli.

Mama sikumwambia neno, nikidhani hakuelewa nilichosema. Miaka ikapita. Siku moja tukichuma majani chai, nikaanza kuwalaumu maofisa kwamba hawawasikilizi watu. Akayatupa majani kikapuni, akasema:

"Kiswahili cha kujibu sina, Ombati. Cha kusikia ninacho. Yule mtu hakulikataa swali langu. Hakuletewa."

Basi. Jioni akanipakulia chakula kama siku zote, na jambo hilo hakulitaja tena mpaka akafa.

Wiki iliyopita naibu wa chifu alinipigia simu. Watu wa kaunti walikuwa wanaleta mpango wa kupanua barabara, wanataka maoni ya wananchi, na afisa ni kijana wa kutoka kwingine, asiyejua Kikisii. Nikaenda na kitambaa cha msiba bado mkononi. Bibi mmoja, Kwamboka, akauliza, "Mtaro wa barabara ukiwa na kina hicho, mwenye kikapu cha majani chai mgongoni atauvuka vipi?" Wasichana wakacheka wakiangalia simu zao. Nikalifikisha swali lote, pamoja na kikapu na mgongo.

Kijana yule akanitazama. "Amesema hivyo, ama ni wewe mzee?"

"Ni yeye," nikamwambia. "Mimi nimetafsiri tu."

Akaandika. Kama watajenga daraja la kuvukia, sijui, na sitakudanganya kwamba najua.

Mwanangu, wewe umesoma kuliko mimi, na ramani zitapita mikononi mwako. Usiipinge ramani kwa sababu tu imetoka ofisini, wala usiiamini kwa sababu imechorwa vizuri. Kabla ya kukubali kitu kibomolewe, tembea hapo na yule anayepatumia akiwa na mzigo wake, umwone anautua wapi. Usiandike jina lako kwenye karatasi ambayo hujasoma kichwa chake. Na mtu akikupa swali lake ulipeleke mbele, lipeleke lilivyo, hata kama linakuaibisha, hata kama limesimama kati yako na kazi unayoitaka.

Mungu akupe masikio ya mama yangu na ulimi ambao mimi sikuwa nao Jumatano ile. Akuweke mahali ambapo mwenye mzigo akifika, atapata pa kuutua.