Kamba ya Basi la Olaya

Nilitoka Voi kwa sababu ghala nililokuwa nikililinda lilifungwa, na wakala akaniambia Riyadh wanatafutwa walinzi. Binamu yangu Wakesho alikuwa amenitangulia huko, akisafisha ofisi. Nikafunga mizigo nikijiona mjanja.

Riyadh. Basi la walinzi, lililotutoa kambini hadi Olaya, mtaa wa maofisi tuliyoyalinda, lilikuwa na kamba ya nailoni iliyofungwa katikati. Mbele, penye kiyoyozi, waliketi wengine; Waafrika tulikaa nyuma tukiokwa. Wanawake walikuwa na basi lao, la tajiri yule yule aliyetuajiri sisi, na humo Wakesho alikaa alipopenda.

Asubuhi moja dereva alifoka, "Yalla, Afrika nyuma!" Mzee Mwakio, mkubwa wetu, akateremka.

"Leo mafi basi, hakuna kupanda," akasema kwa Kiarabu chetu cha kambini. "Tuna miguu."

Tukamfuata sote. Majuma yaliyofuata tulitembea kwenda na kurudi, malengelenge yakipasukia ndani ya viatu. Kule Olaya, Wakesho na wenzake walitupitishia maji baridi kwa mlango wa nyuma, wakijua msimamizi akiwaona watafukuzwa.

Wenye majengo wakachoka na walinzi wanaochelewa. Hatimaye dereva akasema, "Halas, yaishe, kaeni mnapotaka." Mzee Mwakio aliifungua kamba mwenyewe, akaikunja vizuri, akamkabidhi dereva kwa mikono miwili kama anayerudisha chombo cha jirani. Tukamketisha Mzee chini ya kiyoyozi, akalala papo hapo. Tulicheka mpaka Olaya.

Jeddah. Nilihamishiwa lango moja karibu na bandari. Basi la huko nalo lilikuwa na kamba. Niliwasimulia wenzangu wapya ushindi wetu, wakanisikiliza kwa heshima, kisha mmoja akauliza, "Bro, kutoka hapa hadi port utatembea na miguu gani?" Kweli, kulikuwa mbali mno. Nikakaa nyuma hadi mkataba ulipoisha, na iliniuma.

Voi tena. Wakesho alikuwa amenitangulia hata kurudi. Nyumbani kwa shangazi nilianza kusimulia habari ya kamba, kwa mbwembwe zote. Yeye hakucheka.

"Kaka, hiyo kamba naijua. Juma lile lile mlilopanda tena, waliifunga kwa basi letu. Tajiri alisema angalau letu liwe na utaratibu."

"Mbona hamkugoma?"

"Tutembee vipi? Hosteli ilikuwa ikifungwa kwa kufuli, tukifunguliwa basi likifika tu."

"Na mbona hukuniambia?"

"Mlikuwa mmefurahi sana."

Siku hizi nikiondolewa adha, huuliza imepelekwa kwa nani. Somo zuri, ila nimelipata Voi, ambako halimfai tena Wakesho. Nilimwomba radhi. Akanimiminia chai, akasema bila hasira, "Ililetwa ikiwa imekunjwa vizuri."