Sufuria Isiyochunguliwa

Mfuniko ndio unaoonekana kwanza. Mama Upawa anachota maharage, anamimina kwenye bakuli, kisha anafunika sufuria. Anachota tena, anafunika tena. Foleni ina watu zaidi ya mia, na kila mmoja anafunuliwa na kufunikiwa sufuria kana kwamba ni yake peke yake.

"Mama, utatuchelewesha mpaka njaa yenyewe ichoke iondoke," anasema fundi viatu, mzee mwenye kofia ya sufu, wa tisa kwenye foleni.

"Ikiondoka umshukuru Mungu, na bakuli lako nimpe mwenzako."

Foleni inacheka. Ni Alhamisi, saa sita na nusu mchana, kwenye jiko lililo nyuma ya ukumbi wa kanisa. Kuta zimekuwa nyeusi kwa moshi. Dirisha ni moja, wavu wake umetoboka. Sufuria mbili kubwa zimekaa juu ya matofali. Kilo thelathini za maharage zililowekwa tangu jana, na mikate sitini imekatwa kila mmoja vipande vinne. Wanaokuja ni wazee wanaoishi peke yao, vibarua waliokosa kazi siku hiyo, na akina mama wenye watoto mgongoni.

Zamu ya fundi viatu inafika.

"Wewe si ulikula Alhamisi iliyopita?"

"Mla ni mla leo, Mama. Mla jana kala nini?"

"Haya, shika. Na huo ulimi uupe mkate, upumzike."

"Na wewe je, unakula saa ngapi? Sijawahi kukuona na bakuli."

"Mimi nimeonja jikoni," anajibu Mama Upawa, na mfuniko unarudi mahali pake.

Jina hilo alipewa na wanafunzi. Ana miaka sitini na miwili, na ishirini na sita kati ya hiyo aliimaliza kwenye jiko la shule ya bweni, mpaka mgongo ukakataa kuinua magunia. Kanisa lilipofungua jiko hili miaka mitano iliyopita, padre alimfuata nyumbani kumwomba. Hana mshahara, anapewa nauli tu.

"Nilimwambia padre, mimi nikikaa bure nitaumwa," anasema. "Mkono uliozoea upawa, ukiuweka mapajani unawasha."

Kabla ya chakula padre hupenda kuwasomea watu habari ya mikate mitano na samaki wawili. Mama Upawa ameisikia mara nyingi, naye ana maoni yake.

"Imeandikwa walikuwa wanaume elfu tano, bila wanawake na watoto," anasema akifuta meza. "Aliyehesabu hakuwa mpishi. Mpishi akiwaacha watoto nje ya hesabu, atakimbia jiko. Na yule mtoto aliyetoa mikate yake, nani alimfungia? Kuna mama aliyeamka akamwandalia. Huyo hatajwi kabisa."

Lakini simulizi aliyokua nayo ni nyingine. Ni ya yule mjane wa wakati wa ukame, aliyebakiwa na konzi moja ya unga na mafuta kidogo kwenye chupa. Nabii alimwomba amwokee yeye mkate kwanza. Mjane akampa, na tangu siku hiyo unga haukupungua wala mafuta hayakuisha, mpaka mvua iliponyesha.

Hiyo alisimuliwa na mama yake, jioni baada ya jioni. Baba yao alifariki yeye akiwa na miaka sita. Mama alibaki na watoto saba, chumba kimoja na sufuria moja yenye mfuniko uliobonyea ukingoni. Alikuwa akifua nguo za watu. Akigawa chakula, alifunika baada ya kila sahani. Mtoto akinyoosha shingo aone kilichobaki, aliambiwa, "Usichungulie. Yule mjane hakuchungulia."

Watoto saba wakaamini kuwa sufuria yao haina mwisho.

Mama Upawa anakumbuka harufu ya sabuni kwenye mikono ya mama yake. Anakumbuka upawa ukigonga ukingo wa sufuria, ko, ko, na ndugu zake wakisukumana kwa viwiko mkekani.

"Tulikuwa maskini lakini hatuna habari," anasema, na uso wake unakuwa wa kitoto. "Nimepika kwenye majiko makubwa, nimepikia wageni wa heshima. Raha ya mkeka ule sijaiona tena."

Mama yao alikula mwisho. Siku nyingine hakula, akasema, "Nimeonja sana jikoni, nimeshiba."

Jioni moja wingu lilitanda, mama akakimbia nje kuanua nguo za watu. Watoto wote walikuwa wameshapewa, bado yeye. Mtoto wa nne, binti wa miaka tisa, akajisogeza taratibu akafunua sufuria.

"Hapakuwa na kitu," anasema Mama Upawa. "Hata ukoko."

Alirudisha mfuniko upesi, akakaa. Hakumwambia mtu. Lakini tangu jioni hiyo alianza kubakiza nusu ya sahani yake. "Mama, nimeshiba," alisema kila siku. Mama alimtazama, akasema, "Wewe unakula kama ndege," kisha akala kilichobaki. Ndugu zake wakambatiza Kidege.

Kwa nini hakusema alichokiona?

"Ningesema nini? Ningemharibia mjane wake."

Leo mama huyo ana miaka themanini na saba, na anaishi kwa Kidege. Siku zake zimechanganyika. Mchana anauliza kama watoto wamerudi shuleni. Na sasa ni wiki ya tatu hataki chakula. Akiletewa sahani anaisukuma na kusema, "Mpeni Kidege." Uzito wake umeshuka mpaka kilo thelathini na nane. Daktari amempima, hakuona ugonjwa. Alichosema ni kwamba asipokula, mwili hautamngoja.

"Kila siku namwambia, Mama, mimi nimeshiba, kula wewe. Hagusi," anasema Mama Upawa. "Nalisha watu mia na ishirini, mama yangu mmoja ananishinda."

Saa tisa alasiri jiko limeoshwa. Anabeba bakuli la maharage lililofunikwa na vipande viwili vya mkate ndani ya kitambaa. Nyumbani ni mwendo wa dakika kumi. Njiani anaeleza mpango wake: mama akipata nguvu, Alhamisi moja atamleta jikoni, amkalishe kwenye kiti kando ya sufuria, amkabidhi upawa agawe yeye.

Bibi amekaa kitandani, shuka miguuni, dirisha liko wazi. Mikono yake imekuwa midogo kama ya mtoto.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Watoto wamekula?"

"Wamekula wote."

"Na Kidege?"

"Kidege ameshiba, Mama. Kula wewe."

Bibi anatikisa kichwa na kulisukuma bakuli.

"Kidege mwongo huyo," anasema. "Hashibi. Mfuniko aliurudisha kinyume. Pale palipobonyea mimi hupaelekeza ukutani. Nimeingia na nguo za watu mkononi, naona pananitazama mimi."

Mama Upawa anajishusha taratibu mpaka sakafuni. Ni miaka hamsini na mitatu tangu jioni ile.

"Ulijua, Mama?"

"Nilijua. Na chakula chake nikala." Bibi anaiangalia miguu yake chini ya shuka. "Nilikuwa na njaa. Sasa sili mpaka ashibe yeye."

Kwa wiki tatu binti amekuwa akimjibu kwa neno lile lile, lile la utotoni, akidhani ndilo la kumlisha. Anafunua bakuli. Mfuniko anauweka pembeni, haurudishi.

"Ni kweli, Mama, nilifunua. Na sikuwa nimeshiba, hata siku moja. Leo pia sijala. Nina njaa."

Bibi anachukua mkate na kuumega. Kipande kikubwa anampa binti. Kile kidogo anakichovya kwenye maharage, anakitia kinywani, anatafuna polepole bila kumwondolea macho. Anasubiri mpaka aone binti naye amemeza.

"Umeshiba?"

"Bado, Mama," anasema Kidege. "Niongeze."