Mzee Themanini na Ndizi za Taveta

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa hata kuwasha injini. Nilifika kwenye yadi yetu pale Changamwe saa moja kasorobo asubuhi, shati limepigwa pasi, leseni mfukoni, kichwa kimejaa sifa za miaka niliyoendesha malori bandarini. Mkuu wa Usafiri, mtu wa bara mwenye sauti ya chini, alinitazama kisha akaniuliza, "Charo, umewahi kuvuta nyumba?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanipeleka nyuma ya gereji akanionyesha karavani.

Ilikuwa nyumba kweli. Ndani mlikuwa na kiti cha mgonjwa, mashine za kupimia macho, sinki, kabati za dawa na kitanda upande wa nyuma. Chini yake palikuwa na magurudumu mawili tu, na mbele mkono wa chuma wa kuungia gari. Shirika lililoniajiri lilitibu macho ya watu wa vijijini, kuanzia Kwale hadi Taveta, na karavani ile ndiyo iliyokuwa hospitali yenyewe. Ikipinduka, hakuna kliniki, na waliokaa kwenye gari linaloivuta ni wauguzi wenye watoto nyumbani.

Wiki nzima nilifunga na kufungua. Kipira cha chuma kilicho nyuma ya gari kinaingia kwenye kikombe cha mkono wa tela, halafu unatia kufuli, halafu minyororo miwili inayopishana kwa chini, ili mkono ukichomoka udakwe usilime lami. Waya wa taa ndio wa mwisho. Baada ya hapo ukaja mzigo. Vitu vizito vinakaa mbele ya ekseli, yaani kile chuma kinachobeba magurudumu, na vyepesi ndivyo vinavyokwenda nyuma. Nikipanga vibaya, Mkuu alishusha vyote chini, nami nikaanza upya huku jua la Changamwe likinichoma utosi.

Siku ya saba ndipo alipobandika karatasi mbele ya usukani. Lami kavu, themanini. Mvua au upepo, sitini. Njia ya vumbi, arubaini.

"Mkuu," nikasema, "gari hili linakwenda mia na ishirini."

"Gari linakwenda. Nyumba haiwezi."

Nyinyi vijana mnaokodi karavani siku hizi kwenda kupumzika na familia mnapenda kuniuliza kwa nini themanini. Tela halina akili yake. Ukikanyaga breki, lile halijui kwamba umeona mbuzi, linaendelea kukusukuma, kwa hiyo unahitaji nafasi kubwa zaidi mbele yako. Basi likikupita kwa kasi, upepo wake unausukuma mkia wa karavani kwanza, kisha unauvuta. Ukiwa na themanini unahisi mtikisiko mdogo, unapita. Ukiwa na mia, mtikisiko ule ule unazaa mwingine. Na mipira ya tela inapata moto upesi kwenye lami ya Taru saa saba mchana, na kasi inauongeza.

Kwa hiyo kila tuliposimama, nilishuka nikagusa magurudumu kwa mgongo wa mkono, moja baada ya jingine, nione kama moto umezidi. Wauguzi walinitania wee. "Mzee Charo anayaamkia magurudumu," walisema. Kiongozi wao, Sista Zuhura wa Likoni, ndiye aliyenibatiza Mzee Themanini, na jina likanata. Sikukasirika. Malori ya kontena yalinipigia honi, mabasi yakanipita kama nimeegesha, nami nikakaa na themanini yangu. Mratibu mmoja wa kliniki alitaka nikimbilie mia kwa sababu wageni wakubwa walikuwa wakitusubiri Voi. Nikamwambia, "Bwana Mratibu, nitachelewa, lakini nitafika na hospitali." Alininunia mpaka Mariakani. Tukafika na hospitali.

Nasema haya kwa kujisifu, naam. Nilikuwa dereva mzuri na nilijua hivyo. Ndiyo maana lazima niwasimulie habari ya ndizi.

Kanisani kwetu Chaani, Jumapili ya mavuno kila mtu huleta mazao, yakapigwa mnada kwa ajili ya kanisa. Mimi naishi nyumba ya kupanga, sina shamba hata la mchicha. Mwaka baada ya mwaka nilipanda madhabahuni na pakiti ya sukari huku wenzangu wakibeba magunia. Nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya mavuno, na hiyo sukari ilinikera kuliko nilivyowahi kukiri. Mwaka wa kumi na moja wa kazi yangu, tulikuwa tukimaliza kliniki Taveta siku tatu kabla ya mavuno. Nikaingia sokoni nikanunua mikungu kumi na mitatu ya ndizi, minene, mibichi, mizuri ajabu.

Mbele ya ekseli palijaa mashine. Nikaisukuma mikungu yote chini ya kitanda, kule nyuma kabisa. Nilijua. Siwezi kuwaambia sikujua. Nilijiambia ndizi ni matunda tu, si chuma, na tena kasi yangu ni ya halali.

Tulipita Voi, tukapita Maungu. Sista Zuhura alikaa pembeni yangu, wauguzi wawili nyuma wamesinzia. Barabara ilianza kuteremka kidogo, mshale wa kasi uko kwenye sabini na nane, basi likatupita. Mara usukani ukawa mwepesi mikononi mwangu. Kwenye kioo cha kulia nikauona ubavu wa karavani, kisha ukatoweka ukatokea kwenye kioo cha kushoto. Ukarudi kulia, mpana zaidi. Mbele yetu lori la kontena lilikuwa linakuja.

Mguu wangu uliitamani breki. Nikaisikia sauti ya Mkuu kama yumo ndani ya gari: "Likitikisa mkia, usikanyage breki, wala usipigane na usukani. Toa mguu kwenye mafuta, shika sawa, ungoje." Kungoja kule ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Lori likapita, dereva wake ameegemea honi. Sabini. Sitini. Hamsini. Mkia ukatulia. Nikatoka barabarani nikasimama, nikazima injini.

"Yarabi stara," alisema Sista Zuhura. "Charo, kulikoni? Ni upepo wa lile basi?"

Alikuwa amenipa jibu mkononi. Ningesema ndiyo, mambo yangeisha pale pale.

"Si upepo, Sista. Ni ndizi zangu. Nimeziweka nyuma."

"Nina watoto watatu Likoni," akasema. "Wallahi, leo nimewaona nyuso zao." Kisha akafungua mlango, akakaza mtandio wake, akaenda kushusha mkungu wa kwanza yeye mwenyewe. Minne ilipata nafasi mbele, miguuni pa kiti cha mgonjwa. Tisa tukawaachia akina mama waliokuwa wakiuza maji kando ya barabara. Tulipokuwa tunaondoka akaniambia, "Mimi sitasema neno. Hilo ni lako."

Kulikuwa na sheria yadini: dereva ambaye tela lake limetikisa mkia aandike kwenye daftari la gari, na aondolewe kwenye tela mpaka Mkuu atakaporidhika. Niliendesha hamsini mpaka Changamwe nikiifikiria sheria hiyo. Miaka kumi na moja kurasa zangu zilikuwa safi. Nikaandika.

Mkuu alisoma amesimama. "Kasi ilikuwa ngapi?"

"Sabini na nane, Mkuu."

"Kwa hiyo ukadhani uko salama." Akafunga daftari. "Themanini si namba ya barabara, Charo. Ni namba ya mzigo uliopangwa sawa. Ukipanga vibaya, huna themanini. Labda huna hata hamsini."

Miezi mitatu niliosha karavani nikamfungia dereva mwingine tela. Niliona haya. Jumapili ya mavuno nilipanda madhabahuni na pakiti ya sukari, na ile mikungu minne nikawagawia majirani. Niliporudishwa barabarani, Mkuu alinipa kazi ya kufundisha madereva wapya, akaamuru kila mmoja asome ule ukurasa nami nimekaa mbele yake. Wa mwisho alikuwa Kadzo, binti wa Rabai aliyewahi kuendesha trekta. Alisoma hadi mwisho akaniuliza, "Baba, zilikuwa za kupika au za kuiva?" Hakucheka. Alitaka kujua uzito.

Nilistaafu nikiwa na cheti kinachosema sikupata ajali hata moja. Kimetundikwa ukutani Chaani na wageni hukisoma. Mimi hukitazama nikamkumbuka Sista Zuhura na mkungu begani.

Mwaka huu mavuno yalipokaribia, tamaa ya kale ikaniamka. Nikampigia Kadzo simu akiwa Taveta: mwanangu, niletee mkungu mmoja tu, mzee wako asiaibike. Akasema ataangalia. Jumamosi asubuhi nikapanda hadi yadini, nikasimama langoni, na karavani ikaingia polepole. Kadzo akashuka. Hakuja kwangu. Alizunguka akagusa gurudumu la kwanza kwa mgongo wa mkono, akagusa la pili, ndipo akanijia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ndizi ziko wapi?"

"Mbele palijaa mashine, baba. Na nyuma siweki."

Nilikasirika. Kwa muda wa pumzi moja hivi, nilikasirika kweli, mkungu mmoja tu! Halafu nikamtazama machoni, naye hakuyaondoa yake, na hasira ikageuka furaha.

Kesho yake nilipanda madhabahuni kifua mbele, nimebeba pakiti yangu ya sukari.