Kompyuta ya Baba Iliyougua Ugonjwa Uleule

Niliitengeneza kompyuta moja mara nne ndani ya miezi saba. Ugonjwa uleule, sehemu ileile.

Mara ya nne niliiponya moja kwa moja.

Katika kazi zangu zote, hiyo niliifanya vizuri kuliko nyingine, na ndiyo ninayoijutia.

Naitwa Violeth. Ni fundi kompyuta, nina kibanda changu Majengo, hapa Sumbawanga. Ukiuliza "yule dada wa kompyuta" utaletwa mpaka mlangoni.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya baba.

Baba, mzee Jafeti, aliletwa Rukwa na ukarani wa serikali akitokea Tukuyu, akastaafia hapahapa. Akawa anachapa barua za watu na matangazo ya kanisani. Alikuwa na kompyuta ya mezani, ya zamani, ukiiwasha unasikia diski inazunguka.

Mimi na yeye tulikuwa hatuongei.

Mama alianza kuvimba miguu. Baba akasema ni baridi tu ya huku juu, itaisha. Anakuja kumpeleka hospitali, figo zilishachoka.

Siku ya kumzika, mbele ya ndugu wote waliotoka Mbeya, nilimwambia: "Mama umemuua wewe, na ubishi wako."

Alikuwa ameshika kofia mkononi, akaanza kuizungusha taratibu.

Sikukanyaga tena kwake. Simu zake sikupokea. Nilimkaushia mwaka mzima.

Halafu siku moja, saa nne asubuhi, huyo hapo mlangoni. Amevaa koti lake la kazini, amebeba kompyuta kaifunga kwenye shuka.

"Shikamoo," nikasema bila kuinuka.

"Marahaba. Mashine imekuwa nzito. Nikifungua barua moja naweza kwenda kunywa chai nikarudi, bado inafikiria."

"Iache hapo. Ikiwa tayari nitamtuma mtu."

"Nitasubiri tu," akasema, akakaa kwenye benchi.

Tatizo nililiona haraka. Kwenye mipangilio ya diski kuna kisanduku cha kuweka tiki, kinachosema mafaili yabanwe ili kuokoa nafasi. Baba aliona diski inakaribia kujaa, akaweka tiki.

Nafasi unaipata kweli. Lakini kila faili unalofungua, mashine inalikuta limefungwa kama furushi, lazima ilifungue kwanza. Ukihifadhi, inalifunga upya. Mashine yenye nguvu haihangaiki. Mashine mzee kama ile inakokota miguu.

"Hapo umebonyeza wapi?" baba akauliza. Alishasogeza benchi, anachungulia.

Nikamwonyesha. Nikatoa tiki, nikahamisha mafaili mengine kwenye diski ya pembeni ili apate nafasi. Kazi ikala mchana mzima, kwa sababu kila kilichobanwa lazima kifunguliwe.

Alikaa muda wote huo. Hatukuongea cha maana. Aliuliza kama kibandani kunavuja mvua ikinyesha. Nikasema hapana.

Baada ya wiki saba, karudi. Nzito tena. Naangalia, tiki imo.

Mara ya tatu alikuja na mfuko. "Nimeletewa samaki, migebuka, kutoka Kipili. Wawili ni wako."

Nikapokea, nikaweka chini ya meza. Hata asante sikusema. Tiki ilikuwa imo vilevile.

Mara ya nne nilikuwa na wateja watatu wamesimama, na ule upepo wa mwezi wa tisa unaingiza vumbi mpaka kwenye meno. Nikamwona anaingia na shuka lake. Nikamaindi.

"Baba, nani anaichezea hii mashine?"

"Sijui. Labda inajirudia yenyewe."

"Haijirudii. Kuna mtu anaingia humu anaweka tiki."

Akaanza kufungua fundo la shuka.

Sikutaka tena habari ya kutoa tiki tu. Niliandika amri moja inayoizuia diski isibanwe tena na mtu yeyote, kisha mipangilio yote nikaifunga kwa nywila ninayoijua mimi tu.

"Tayari. Hata miaka kumi haitakusumbua. Hutahitaji kuja tena huku."

"Haitakuwa nzito tena?"

"Haitakuwa."

Akaitazama mashine, akanitazama na mimi. "Haya. Kazi nzuri, mwanangu."

Akaifunga kwenye shuka, akaondoka. Nikaita mteja anayefuata.

Mwezi wa kumi ukapita, baba hakuja. Nikajiambia unaona, dawa imeshika.

Mwezi wa kumi na moja, asubuhi, ikaingia simu ya shangazi Atusaye, dada yake baba, aliyekuwa anaishi naye tangu mama afariki.

"Violeth, njoo nyumbani. Baba yako hajaamka."

Daktari alisema ni presha. Nilimkuta baba amelala ubavu, mkono chini ya shavu.

Tukazika. Siku ya tatu nikakaa kwenye kiti chake nichape tangazo la kuwashukuru waliotufariji. Nikawasha mashine. Ikafunguka haraka, safi kabisa.

"Angalau ilikuwa inamfanyia kazi vizuri," nikasema.

Shangazi alikuwa anakunja mikeka. Akaacha.

"Ile nywila uliweka wewe?"

"Ndiyo. Kuna mtu alikuwa anaiharibu."

"Alikuwa anaiharibu yeye."

Sikuelewa. Shangazi akaja akaketi kando yangu.

"Mara ya kwanza iliharibika kweli. Akakuona ulivyotoa ile alama, akajua akiirudisha itakuwa nzito. Basi akikukumbuka anaiweka, anaiacha inajibana siku nzima. Kesho yake ananiambia, 'Atusaye, mashine imeugua, naenda kwa Violeth.' Koti analipiga pasi tangu jana yake."

Mkono wangu ulikuwa bado juu ya kibodi. Nikashindwa kuuondoa.

"Ulipoifunga alikaa hapo siku mbili anabonyeza. Inamkatalia, inataka nywila. Nikamwambia, kaka, si uende tu mikono mitupu? Akasema, 'Nitaenda nikamwambie nini?'"

Nililia mpaka majirani wakaingia. Walidhani ni msiba uleule wa juzi. Kwangu ulikuwa umeanza pale.

Maana baba hakuwa na namna ya kusema samahani. Mimi pia sikuwa nayo. Yeye angalau alitafuta njia ya kuja, akakaa kwenye benchi langu siku nne nzima akingoja nianze mimi. Nami kila mara niliishughulikia mashine.

Kuhusu mama, hadi leo sijui kama angepona angewahishwa. Daktari mmoja aliniambia huenda isingebadilisha kitu. Hilo nalo sikuwahi kumwambia baba, na nililijua tangu mwezi wa pili wa mwaka huohuo.

Ndugu yangu unayesoma, kama kuna mzee wako anakuja na tatizo moja kila siku, simu haishiki mtandao, redio haikamati, macho hayaoni dawa iliyoandikwa, usijisifu kwamba umelimaliza. Kaa naye. Muulize amekula nini, amelalaje.

Na kama kuna neno ulimtupia mbele za watu, lifuate ukaliokote wewe mwenyewe, mapema, kwa mdomo uleule.