Waliozima Mlio wa Diski

Askari alisoma daftari langu kwa sauti. "Jumatatu, mia na kumi na mbili. Jumanne, mia na arobaini. Jumatano, mia mbili na nane, itakufa wiki hii." Akalifunga, akaniangalia. "Mzee, ulijuaje?"

Meneja alikuwa amekaa kwenye kiti pembeni yake, miguu ameikunja. Akajibu kabla yangu. "Alijua kwa sababu aliiua mwenyewe."

Nilikuwa pale kituoni kwa wizi wa kaboni, zile chembe nyeusi zinazonasa dhahabu kwenye matangi. Viroba viwili vilitoka stoo Jumapili mchana, getini nikiwa mimi. Juu ya mlango wa stoo kuna kamera, nayo ingemwonyesha aliyevitoa. Lakini diski inayotunza picha ilikuwa imekufa Jumamosi. Kwetu, anayetaja msiba kabla haujafika huulizwa aliuona wapi, na wazee wameitwa wachawi wakauawa kwa swali hilo hilo. Sikujua kwamba hata kwa mashine ni hivyo.

Niliishia darasa la nne Ushetu, baba akanitoa nikavune tumbaku. Nikakimbilia machimboni. Duara, lile shimo la kuchimbia, liliporomoka nikatoka hai kwa sababu nilisikia magogo yanayoshikilia kuta yakilia nikaanza kupanda, ila mguu mmoja haukutoka mzima. Ndipo nikawa mlinzi kwenye mtambo mmoja nje ya Geita, unaochenjua marudio, ule mchanga uliokwisha kusagwa na wachimbaji.

Mashine ya kamera meneja aliifungia kwenye kabati la chuma, chini ya bati, ili isiguswe. Skrini ilibaki mezani. Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kuhakikisha kamera zote zinaonyesha. Fundi aliyezifunga, mtu wa mjini mwenye miwani, akanifundisha zaidi: bonyeza hapa, kisha hapa, inatokea orodha ndefu. Mengine achana nayo. Angalia joto, na angalia mstari wa vipande vibovu.

"Diski huoza kidogo kidogo," alisema. "Kipande kikioza, inahamia kwenye kipande cha akiba. Namba ikisimama, lala usingizi. Ikipanda kila siku, waambie wanunue nyingine."

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Magogo ya duara nayo husema hivyo hivyo. Nikanunua daftari, kila asubuhi nikaandika joto na namba. Karani wa stoo alikuwa akinikuta pale.

"Mwangaluka, Daktari wa Diski. Mgonjwa ameamkaje?"

"Ana homa. Hamsini na tisa."

"Mpe vidonge viwili, anywe na uji."

Walicheka, nami nilicheka. Mwanzo namba ilikaa nane wiki nyingi. Ikawa kumi na sita. Nikamwambia meneja kabati lina joto, lifunguliwe. Akaniuliza mimi ni mlinzi au mhandisi. Ilipofika sitini mashine ikaanza kupiga mlio, pi, pi, pi, kutwa nzima. Sasa fundi akaitwa haraka, maana wanunuzi wa dhahabu walikuwa hawasikilizani mezani.

"Inarekodi?" meneja alimuuliza.

"Inarekodi, bosi, ila diski hii..."

"Basi zima hicho kinachopiga kelele."

Fundi akakizima, akaandika karatasi, akagonga muhuri. Nilimsindikiza hadi kwenye pikipiki yake getini. Akaniambia, wala simsingizii, "Baba mkubwa, nimezima mdomo. Ugonjwa uko pale pale."

"Na karatasi umeandika hivyo?"

Akapiga kiki, akaondoka.

Jumamosi asubuhi skrini ikaandika hakuna diski. Nikamwambia meneja. "Tutaona Jumatatu," akasema. Karani alikuwa amesimama hapo, kikombe mkononi. Kwa hiyo tulikuwa watatu tulioijua kamera ile kuwa kipofu. Funguo za stoo zilikuwa mbili, moja kwa karani, moja kwa meneja. Mimi sikuwahi kushika hata moja. Jumapili gari la meneja liliingia saa saba likatoka saa nane, na gari la meneja halikaguliwi, ndiyo amri niliyopewa. Nilimweleza askari. Hakuliandika.

Kabla sijafikishwa kituoni walinzi wenzangu walishanivunja vidole viwili. Mezani pale karatasi ya fundi ilisema mashine ni nzima kabisa. Ilikuwa na muhuri. Daftari langu lilikuwa na doa la uji. Unadhani kipi kiliaminiwa?

Nikakaa rumande Geita msimu mzima wa mvua, mahindi yangu yakavunwa na nyani. Shahidi hakuja hata mmoja, nikaachiwa kwa kukosa ushahidi. Kuachiwa kwa namna hiyo hakusafishi mtu. Mke wangu akienda sokoni wanamwita Mama Kaboni. Nimezunguka mitambo hadi Shinyanga. Nikitaja nilikotoka, geti linafungwa. Karani sasa ana bajaji mbili. Meneja ananipita barabarani na vioo juu. Simwombei heri, naandika ukweli.

Diski ile karani aliitoa kabatini Jumatatu, kabla polisi hawajafika. Rumande nilimkuta fundi simu aliyeniambia diski iliyokufa ikifunguliwa huonekana kama ilioza au ilivunjwa. Basi ileteni. Karani, uliipeleka wapi, na kwa ufunguo wa kabati uliopewa na nani? Na wewe fundi mwenye miwani, unasoma, nami najua unakopaki pikipiki yako. Sikufuati kwa panga. Nakufuata kwa daftari, nikitaka usimame mbele ya askari yule yule, na meneja kwenye kiti kile kile, useme ulichoniambia getini. Kisha useme ni nani aliyekuagiza uandike kwamba mashine ni nzima.