Upanga Uliovuma kwa Koo la Mtu

Mji mzima ulimwita Makali, kwa kuwa hakuna kisu kilichotoka mikononi mwake kikiwa butu. Ndiye aliyekabidhiwa pia upanga wa majitu, ule ambao mwenye msiba akiuwekea kiganja huvuma polepole, na moyo wake ukatulia. Sharti lilikuwa moja: upakwe mafuta tu, usiguswe na jiwe la kunolea.

Siku moja shemeji zake walikuja kumtembelea. Mmoja akamtania kwamba anatunza chuma ambacho hata nyanya hakikati. Makali alikuwa mtu wa kuvimba kichwa upesi. Akauteremsha upanga, akaunoa mbele yao, akakata nao unywele mmoja. Wakapiga makofi. Walipoondoka akauwekea kiganja, akiwakumbuka marehemu wake. Kimya.

Asubuhi watu wenye misiba walikuwa wamejaa mlangoni. Angewaambia nini? Akauweka upanga mbele ya pazia, akajibanza nyuma yake, akavuma kwa koo, midomo ameifumba. Watu wakalia, wakashukuru, wakaenda zao. Akajiambia ni leo tu. Miezi mitatu ikakatika. Mkewe, aliyejua yote, aliacha kula naye.

Kisha akaja dada yake mkubwa, kwa miguu, mwendo wa siku mbili. Alikuwa amemzika bintiye wa pekee. Makali akavuma. Akamsikia dada akiusimulia upanga jambo ambalo hakumwambia ndugu yeyote: kwamba siku ile ya mwisho alimkaripia mtoto kwa ajili ya sahani iliyovunjika. Makali akaacha kuvuma. Akafunua pazia.

"Dada, ni mimi. Upanga nimeuharibu."

Dada akauondoa mkono kwenye upanga. "Niliyoyasema," akasema taratibu, "sikuwa nakuambia wewe." Akavaa viatu, akaondoka.

Siku hiyohiyo Makali alikwenda kwa wakuu wa mji, akakiri. Upanga ukachukuliwa, na haujavuma hadi leo. Watu bado humletea visu, maana ufundi hakuupoteza, ila huviacha kizingitini. Naye huviokota akiwa ameinama. Uso wa kuwatazama hana.

Mwaka uliofuata alifunga safari kwa dada yake. Hakubisha hodi, alisimama tu uani. Dada alimwona kupitia dirisha, akamwacha jua limchome mpaka adhuhuri, ndipo akafungua mlango.

"Kaa," akasema. "Ila usiseme kitu."

Akakaa.